Kufungwa kwa Ultimate Spider-Man si kushindwa

Tangu Marvel, kampuni ya komiki ya Marekani, itangaze mwaka 2025 kwamba mfululizo wake wa Ultimate unafikishwa tamati, na kwamba Ultimate Spider-Man itakomea kwenye toleo la 24, wapo wasomaji wa komiki hapa Uganda waliolipokea jambo hilo kama msiba. Hoja yao ni moja: kinachouzika hakifungwi, kwa hiyo kilichofungwa hakikuuzika, na kama hata Spider-Man hauziki, basi komiki za mashujaa zimekwisha, zimemezwa na manga, yaani komiki za Kijapani, na filamu. Naipinga hoja hiyo. Ultimate Spider-Man ilisomwa kwa hamu kwa sababu tangu mwanzo ilikuwa na siku ya hesabu iliyokuwa ikikaribia, na kukaribia huko ndiko kulikolipa kila toleo uzito. Anayetaka kuandika au kuchora komiki za mashujaa Kampala, Mbale au Arua ana la kujifunza hapo kubwa kuliko takwimu zozote za mauzo.

Tuiweke historia sawa kwanza. Jina Ultimate si geni. Marvel ililitumia mara ya kwanza mwaka 2000, ikamwanzisha upya Peter Parker, ndiye Spider-Man, akiwa kijana wa shule, na ulimwengu ule ukafungwa mwaka 2015. Kabla haujafungwa ulikuwa umeshamzaa Miles Morales, Spider-Man mwingine, mwaka 2011, ambaye leo watoto wa Kampala wanamjua kwa jina hata kama hawajawahi kushika komiki. Ulimwengu wa sasa ulianzia kwenye Ultimate Invasion ya mwaka 2023, iliyoandikwa na Jonathan Hickman na kuchorwa na Bryan Hitch. Humo Maker, yaani shujaa mwanasayansi Reed Richards aliyegeuka kuwa mwovu, anajitengenezea dunia ambamo mashujaa wamezuiwa kabla hawajawa mashujaa. Buibui anayempa Peter nguvu zake hakumuuma. Peter akakua, akafuga ndevu, akamwoa Mary Jane, akazaa watoto wawili, akaajiriwa gazetini. Ultimate Spider-Man, ya Hickman na mchoraji Marco Checchetto, inaanza Januari 2024 kwa mtu huyo mzima kuletewa kile alichoibiwa ujanani na kuulizwa kama bado anakitaka.

Jambo ambalo wengi hawakulipa uzito ni saa. Maker amefungiwa ndani ya mji wake, na inajulikana kwamba siku ya kutoka itafika. Mwezi mmoja dukani ni mwezi mmoja ndani ya hadithi, na Krismasi ikifika kwa msomaji inamfikia Peter pia. Katika komiki za kawaida za mashujaa muda haupiti. Peter wa Amazing Spider-Man, iliyoanza mwaka 1963, amebaki na umri uleule wa kubabaisha kwa miongo sita, na ndiyo maana waandishi wake hulazimika kumnyang'anya kila anachokipata. Alioa mwaka 1987, na mwaka 2007 ndoa ile ikafutwa kwa mkataba na shetani, isikumbukwe na yeyote. Ukimpa mtu huyo mke na watoto ukaiacha kalenda itembee, kila toleo linagharimu kitu ambacho hakirudi.

Chukua toleo la 4, lililochorwa na David Messina. Karibu lote ni chakula cha jioni. Peter na Mary Jane wamekaa mezani mgahawani na Harry Osborn na mkewe Gwen Stacy, wanazungumza kazi, ndoa, biashara, watoto. Hakuna jengo linaloanguka. Kwa mwandishi mwingine yeyote wa mashujaa hilo lingekuwa toleo la kujaza nafasi, ila hapa ni miongoni mwa yaliyosifiwa kuliko yote, na sababu yake ni ya kiufundi. Msomaji anajua kwamba mwezi huu Peter ameutumia kula na kujuana na mtu, na kwamba miezi iliyobaki si mingi. Messina anabaki kwenye nyuso: anayemtazama nani, anayekwepa swali, anayemalizia sentensi ya mwenzake. Hofu ya baadaye inaifanya meza ile itazamwe kwa makini. Ondoa saa, utabaki na watu wanne wanaokula.

Sasa tazama upande ambao saa haipo. Katika Amazing Spider-Man toleo la 26, mwishoni mwa Mei 2023, Marvel ilimuua Kamala Khan, Ms. Marvel. Julai mwaka huohuo alikuwa amesharudi. Mwaka 1992 Superman alipouawa kwenye toleo la 75 la gazeti lake, kurudi kwake mwaka uliofuata kulikuwa na uzito kwa sababu mbinu ile ilikuwa haijachakaa kiasi hiki. Leo msomaji hamlilii mtu. Anauliza tu atarudishwa mwezi gani. Huo ndio ugonjwa halisi wa komiki za mashujaa, na wanaoililia Ultimate hawautazami.

Kuna pia suala la jinsi mauzo yanavyosomwa, na hapa watu wengi wenye nia njema hupotea. Komiki za Marekani hazihesabiwi kwa msomaji aliyenunua, bali kwa duka lililoagiza. Duka huagiza majuma kadhaa kabla, na kwa kawaida kisichonunuliwa hakirudishwi, kinamfia mwenye duka rafuni. Toleo la kwanza huagizwa kwa wingi kwa sababu wapo wanaonunua namba moja ili waiweke akiba. Tena kuna majalada ya nadra: ili duka lipate nakala moja ya jalada fulani, lazima liagize nakala 25 za kawaida. Toleo la pili linapofika, namba inaporomoka. Kwa hiyo mchapishaji anayetafuta fedha za haraka huanza upya, namba moja tena, kila baada ya mwaka au miwili. Mfumo wenyewe umetikisika pia. DC, mshindani mkuu wa Marvel, iliihama kampuni ya usambazaji ya Diamond mwaka 2020, Marvel ikafuata mwaka 2021, na Januari 2025 Diamond ikaomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake. Anayechukua orodha ya maagizo ya miaka hii na kuhitimisha kwamba hadithi fulani ni nzuri au mbaya anapima kitu kingine kabisa.

Absolute Batman ndiyo inayotajwa kila mara kuonyesha kwamba Marvel imeshindwa na DC imeshinda. Ni kweli kwamba komiki hiyo ya Scott Snyder na Nick Dragotta, iliyoanza Oktoba 2024, ilirudishwa mtamboni mara kadhaa. Wengi wanasema siri yake ni ukatili, au kwamba kumfanya Batman kuwa maskini ni siasa tu iliyovalishwa barakoa. Isome tena. Bruce Wayne huyu ni mhandisi; baba yake alikuwa mwalimu aliyepigwa risasi kwenye bustani ya wanyama, na mama yake yu hai. Hana jumba wala mtumishi. Nembo ya popo kifuani mwake hubanduka ikawa kichwa cha shoka. Snyder alipoondoa mabilioni aliondoa jibu la kila swali. Batman tajiri akihitaji gari analo. Batman huyu lazima msomaji aelezwe chuma kimetoka wapi, nani amekichomelea na kitavunjika lini. Waylon Jones, Oswald Cobblepot, Edward Nygma na Harvey Dent, ambao miaka yote tumewajua kama maadui zake, hapa ni rafiki zake wa utotoni. Kila msomaji mzoefu anaingia akiogopa kitakachowapata. Hiyo ni saa ya namna nyingine, isiyo na tarehe, na inafanya kazi ileile ya kumfanya msomaji aamini kwamba kitu kinaweza kupotea moja kwa moja.

Absolute Superman ya Jason Aaron na Rafa Sandoval na Absolute Wonder Woman ya Kelly Thompson na Hayden Sherman zinafuata njia hiyohiyo. Diana, ndiye Wonder Woman, analelewa kuzimu na mchawi Circe na analipa kwa mkono wake mwenyewe anachokitaka. Kati ya hizo tatu, ya Thompson ndiyo naiona bora kimaandishi, kwa sababu kila nguvu ya Diana ina bei iliyoandikwa waziwazi.

Wanaopinga kufungwa wana hoja moja nzito, na haifai kuipuuza. Wanasema uzito hauletwi na mwisho, unaletwa na miaka. Gwen Stacy wa komiki ya awali, mpenzi wa Peter, aliingia kwenye Amazing Spider-Man mwaka 1965 na kufa mwaka 1973, kwenye toleo la 121. Kifo kile kiliuma kwa sababu wasomaji walikuwa wameishi naye miaka minane. Ultimate nzima ya Peter ni matoleo 24. Kwa kurasa kama 20 kila moja ni kurasa 480 hivi, na mtu anazimaliza kwa siku mbili. Ultimate X-Men ya Peach Momoko, inayomfuata msichana Hisako Ichiki nchini Japani, ilijengwa taratibu sana, na ni haki kusema ilihitaji nafasi zaidi ya hiyo. Nakubali kwamba kufunga kuna gharama, na kwamba wapo wahusika watakaotoka jukwaani kabla hatujawajua. Lakini angalia kwa nini kifo cha Gwen kimedumu: aliachwa afe. Matoleo 120 yaliyotangulia yalipata thamani kwa sababu mtu fulani alikubali kulifunga jambo na kutolifungua. Miaka minane bila uamuzi ule ingekuwa miaka minane ya mazoea.

Hoja dhaifu kuliko zote ni hiyo niliyoanza nayo, kwamba kufunga ni kukiri kushindwa. Wanaoitoa ndio hao wanaosema manga imezishinda komiki za mashujaa, na hawaoni kwamba manga wanazozisifu hufungwa. Demon Slayer ilianza mwaka 2016 na kumalizika Mei 2020, sura 205, juzuu 23, ikiwa kileleni kabisa mwa umaarufu wake. Haikufa. Mwaka 2025 filamu yake ilijaza majumba ya sinema duniani, na mtu anayeijua leo anaweza kununua juzuu ya 1 akijua kwamba ya 23 ipo na inamaliza kilichoanzishwa. Mpe mtu huyohuyo Amazing Spider-Man, umwambie kuna matoleo zaidi ya 900 na kwamba mengi yameshafutwa na yaliyofuata. Atauliza aanzie wapi, na hutakuwa na jibu moja.

Kwa wachoraji wa hapa nyumbani kosa la kuisoma Ultimate vibaya lina gharama halisi. Dhana iliyoenea ni kwamba lazima kwanza tuwe na ulimwengu wetu, mashujaa 12 wenye mavazi na historia zao, ramani na vita vya zamani, ndipo tuanze kusimulia. Watu hutumia mwaka mzima kuchora mabango ya wahusika ambao hawajawahi kuonekana kwenye kisanduku hata kimoja cha hadithi. Spider-Man mwenyewe hakuzaliwa hivyo. Alitokea Agosti 1962 kwenye Amazing Fantasy toleo la 15, ambalo lilikuwa la mwisho la gazeti lililokuwa linafungwa, katika hadithi ya kurasa 11 yenye mwanzo, kosa, adhabu na mwisho. Ulimwengu ulikuja baadaye kwa sababu kurasa zile 11 zilijitosheleza. Karibu nasi kuna mfano mwingine. Hamid Ibrahim, mzaliwa wa Uganda na mmoja wa waanzilishi wa Kugali, kampuni ya komiki, alishiriki kuitengeneza Iwájú, katuni ya Disney ya mwaka 2024: vipindi sita, mji mmoja, Lagos, na hadithi imekwisha.

Watazamaji wetu nao wamelelewa na hadithi zinazomalizika. Anayelipa kuingia kwenye kibanda cha sinema na kumsikiliza VJ akimsimulia filamu anajua atatoka akiwa amejua nani kafa na nani kabaki. Huwezi kumuuzia mtu huyo kurasa 20 zinazoishia hewani na kumwambia asubiri mwaka. Wala bei haituruhusu. Absolute Batman ilianza kwa dola 4.99 kwa toleo, takriban shilingi 18,000 kabla ya usafirishaji, kwa hiyo komiki za Marekani zitabaki za wachache na nafasi ya bei nafuu iko wazi kwa mtu wa hapa.

Hesabu yenyewe inafaa ifanywe kwa kalamu. Mchoraji wa Marekani anayefanya kazi hii tu hutoa karibu ukurasa mmoja kwa siku. Mchoraji wa Kampala mwenye matangazo na mabango ya mashirika ya kumlisha atoe kurasa mbili kwa juma. Toleo la kurasa 20 ni majuma kumi. Matoleo sita ni majuma 60. Basi usichape la kwanza mpaka matatu yawe yamekamilika mezani. Ukitoa toleo moja kila miezi miwili, la sita linadaiwa miezi kumi baada ya la kwanza, yaani majuma kama 43, na wewe umebakiza matatu yanayohitaji majuma 30. Yanabaki majuma 13 ya malaria, ya mitihani, ya kompyuta iliyokufa. Atakayechapa la kwanza akiwa na moja tu atachelewa kwenye la pili, na msomaji aliyecheleweshwa kwenye la pili hamngojei la tatu.

Andika hati za matoleo yote sita kabla ya kuchora ukurasa wa kwanza, na uanze na la sita. Visanduku vitano au sita kwa ukurasa vinatosha, na kila kisanduku kisizidi maneno 25, maana kiputo cha maneno kikijaa uso wa mhusika ndio unaoliwa. Chora kwenye A3 kama utachapa A5, ukikumbuka kwamba kila kitu kitapungua nusu: mstari wa milimita 0.3 utakuwa 0.15 na kwenye mashine ya bei nafuu utakatika vipande, na herufi ya pointi 10 itakuwa ya pointi 5 isiyosomeka. Andika kwa pointi 16 ili zibaki 8. Kurasa 20 za ndani ni karatasi tano za A4 zilizokunjwa, na jalada ni ya sita, nzito zaidi, kisha pini mbili katikati. Idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa nne. Ukipeleka hadithi ya kurasa 21 pale Nasser Road, mtaa wa wachapaji Kampala, utalipia tatu tupu.

Makosa ya uchapaji hujirudia. Karatasi ya gramu 80 ikijazwa weusi pande mbili huonyesha upande wa pili, kwa hiyo matukio mengi ya usiku yanadai gramu 100 au zaidi. Maneno yawe kwenye wino mweusi peke yake. Yakitengenezwa kwa rangi zote nne, pleti moja, yaani bamba la kuchapia rangi moja, ikisogea hata kidogo kila herufi inapata kivuli. Picha inayofika ukingoni iongezwe milimita 3 za kukatwa, na maneno yakae angalau milimita 10 kutoka ukingo na kutoka kwenye mkunjo. Ndani pawe nyeusi na nyeupe ili ulipie pleti moja badala ya nne, na fedha yote ya rangi iende kwenye jalada.

Toleo la simu nalo lipimwe kwa mfuko wa msomaji, kwa kuwa tangu Julai 2021 data ya intaneti inatozwa ushuru wa asilimia 12. Ukurasa wenye upana wa pikseli 1,080 unasomeka vizuri ukiwa na kilobaiti 300 hivi. Toleo zima ni megabaiti 6, na mtu ataweza kumtumia mwenzake. Faili la megabaiti 80 lililotoka moja kwa moja kwa mchoraji halitafunguliwa na wengi.

Kwenye jalada la kwanza, chini ya jina, iandikwe waziwazi: Toleo la 1 kati ya 6. Maandishi hayo yanamwambia mnunuzi atatumia kiasi gani hadi mwisho, na yanamfunga mwandishi mbele ya watu asiongeze la saba kwa sababu tu la tano limeuza vizuri. Hadithi ya pili ya mhusika huyohuyo ikitakiwa, ianze na hati zake sita, zote zikiwa zimeandikwa.